Fundi kamera wa Bagamoyo kanifungulia lenzi nzima, kumbe vumbi liko kwenye sensa!

Wakuu, nimevumilia siku nne nimeshindwa. Acha niseme.

Napiga picha za harusi hapa Bagamoyo. Majuzi nilikuwa na maharusi ufukweni, kusi linavuma kama limetumwa. Nikabana tundu la lenzi hadi f/16 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo) ili majahazi ya nyuma yasomeke, na hapohapo mchangani nikabadilisha lenzi mara mbili (najua, najua, msinianze).

Picha zimefika, mama wa bibi harusi ananipigia: "Mwanangu, hawa nzi angani umewatoa wapi?" Vidoa vitatu vya kijivu, kingo zimefifia, kila picha palepale. Viwili kona ya juu kushoto, kimoja juu katikati, na hicho kwenye picha sita kimemtua bwana harusi usoni.

Nikaenda kwa fundi. Hakuomba hata picha moja aione! Akamulika lenzi kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa kama daktari: "Kaka, huu ukungu. Bila kuifungua hii imekufa." Elfu sabini, siku tatu.

Lenzi imerudi, napiga anga: vidoa vitatu palepale. Nikafunga lenzi yangu ya 50mm ambayo fundi hajawahi kuigusa: vitatu palepale. Hapo damu ikachemka. Lenzi mbili zitachafukaje sehemu ileile? Vumbi liko kwenye sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachonasa picha (siyo ile ya 2022 ya makarani na vishikwambi), yaani juu ya kile kioo chembamba kinachoifunika. Vumbi la kioo cha mbele cha lenzi mara nyingi hata halionekani kwenye picha.

Na kipimo chake ni dakika mbili. ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga, uweke chini), f/22, vuruga fokasi, piga ukuta mweupe huku unaitikisa kamera makusudi. Doa litakalobaki limetulia ni vumbi. Fungua tundu hadi f/2.8, linayeyuka. Ndiyo maana hata mimi sikuwahi kuviona: kazi zangu nyingi ni za ukumbini usiku, tundu wazi mwanzo mwisho. Hilo nalibeba. Ila mimi silipwi kuijua kamera kwa ndani, yeye analipwa.

Nikanunua pampu ya mpira. Betri imejaa, nikaingia menyu ya kusafisha, kile kioo cha kuakisi kilicho mbele ya sensa kikanyanyuka, mdomo wa kamera nikauelekeza chini, nikapuliza bila kugusa kitu. Viwili vikaondoka! Kile cha katikati kimegoma, nahisi ni chumvi ya bahari. (Ukichungulia, doa la juu kwenye picha litafute chini kwenye sensa, lenzi hugeuza taswira.) Hicho kinataka kijiti chenye majimaji yake, upana sawa na sensa, unapitisha mara moja, unageuza upande wa pili, unatupa. Nampigia fundi kumweleza, ananijibu niilete aipitishie pamba na spiriti. PAMBA.

Picha za harusi nimezisafisha kwenye kompyuta. Za angani hazikunisumbua, doa ukilifuta kwenye picha moja unanakili kwa zote maana halihami. Ila zile sita za usoni kwa bwana harusi nimekesha nazo.

Kinachoniuma hasa ni lenzi. Tangu ifunguliwe, upande wa kulia haushiki fokasi. Juzi Kaole nimepiga picha ya ukoo, wajomba wote wa kulia wametoka wamefifia. Ule ukungu alioutafuta sasa ndiyo upo! Nikidai hela naambiwa "kazi ilifanyika, lenzi ilikuwa chafu kweli." Risiti hakuna, na ujinga huo ni wangu, niliamini neno la mdomo.

Kesho asubuhi naenda kwake na lenzi zote mbili na karatasi nyeupe. Nitapiga f/22 mbele ya wateja wake, kisha anionyeshe huo ukungu ulikuwa wapi. Nataka elfu sabini yangu, na lenzi irudi ilivyokuwa.

Mwenye vijiti vya sensa vya milimita 16, awe hapa au Dar, aniambie bei. Mwenye pamba apite tu.