WordPress, Joomla au Google Sites: tovuti ya shule tuiweke wapi?

mwalimu_wa_kompyuta, Embakasi
Hamjambo wenzangu. Mwalimu mkuu amenitwika tovuti ya shule kwa kuwa mimi ndiye hufundisha kompyuta. Ya zamani ilitengenezwa na kijana aliyekuja kwa mafunzo ya nyanjani, akaondoka na nywila zake, na hadi leo ukurasa wa kwanza unawaalika wazazi kwenye siku ya michezo ya 2019. Tunataka matangazo, karo, fomu za kujiunga, na mahali pa walimu kuweka kazi za likizo. Bajeti ni kama ya chai ya stafu. Programu za kutengenezea tovuti nimezipunguza hadi WordPress, Joomla, Drupal na Google Sites, na mwenzangu mmoja anang'ang'ania Moodle. Nani ametumia ipi?

fundi_luthuli
Moodle iondoe kwanza, mwalimu. Si mbaya, ila hiyo ni darasa. Mwanafunzi anaingia kwa jina lake, anapokea kazi, anaijibu, anaona alama. Mzazi anayetaka kujua karo ya muhula wa pili hana haja ya kuingia darasani. Hizo nne nyingine ndizo ubao wa matangazo.

Kwa ubao, mimi ni WordPress. Ipo tangu 2003 na mafundi wake wamejaa mji mzima, kwa hivyo huyu akikukimbia unapata mwingine kabla ya jioni. Lakini usidanganyike na neno bure. Programu ni bure, seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) na domeini (anwani yake) unalipia kila mwaka. Pia kuna WordPress mbili: ya WordPress.org unaiweka kwenye seva yako mwenyewe, ya WordPress.com wanakutunzia wao, na ukitaka mengi unalipa. Watu huzichanganya, halafu wanagombana na bursa.

Tatizo lake kubwa ni plagini, vile viprogramu vya kuongezea. Mtu anaweka ya kalenda, ya picha, ya fomu, zinafika 20, na hakuna anayezisasisha. Hapo ndipo wezi huingilia. Weka nne au tano, na bekapu (nakala ya akiba) ikae nje ya seva hiyo hiyo.

jumla_jumla
Niitetee Joomla kidogo, hata kwa sababu ya jina tu: limetokana na "jumla" yetu. Ilizaliwa 2005 baada ya watengenezaji wa programu iliyoitwa Mambo kutofautiana na wenye jina. (Mambo hayakuwa poa.) Raha yake ni ruhusa. Bila plagini yoyote unaweza kumpa mwalimu wa Sayansi nafasi ya kuandika kwenye sehemu yake tu, asiguse ya karo. Kiswahili na Kiingereza pia unaviweka sambamba bila kununua kitu.

Sasa niseme ukweli. Nilitumia mchana mzima kuwafundisha walimu watatu tofauti ya makala, kategoria na menyu, na wiki iliyofuata wote walinitumia matangazo yao kwa WhatsApp niwawekee. Halafu Joomla 3 ilipoacha kupata masasisho mnamo Agosti 2023, sisi tulikuwa bado tumelala nayo. Asubuhi moja tovuti ya shule ikaamka inatangaza kamari. Kosa lilikuwa letu.

Drupal ni ya chuo kikuu chenye idara ya kompyuta. Mwalimu mmoja mwenye vipindi 27 kwa wiki asiiguse.

mama_wa_kayole
Mimi ni mzazi, hayo ya plagini siyajui. Naomba tu mnisikie. Tovuti ya shule ya mwanangu ina mapicha makubwa yanayoteleza, bando langu linaisha kabla sijafika kwenye karo. Nikifika, karo yenyewe ni karatasi iliyoskaniwa ikiwa imelala ubavu. Andikeni kwa maandishi ya kawaida, na nambari ya Paybill iwe juu.

mwl_dagoretti
Asante mama. Ndiyo sababu sisi tuko Google Sites. Shule ndogo, walimu tisa. Hakuna seva, hakuna kusasisha, na yeyote aliyewahi kutumia Google Docs anaimudu. Sura zake ni chache na tovuti zote hufanana, sawa. Na ukitaka kuhamia kwingine utanakili ukurasa mmoja mmoja.

Ila usiijenge kwa Gmail yako. Aliyeanzisha yetu alipewa uhamisho na TSC, tume ya kuajiri walimu, katikati ya muhula, tukabaki tunamsihi kwa simu. Fungueni akaunti ya shule, na nywila ikae kwa watu wawili, mmoja wao ofisini.

Jingine ni picha za watoto. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 unahitaji idhini ya mzazi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja hapa Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini. Hiyo ni chai ya stafu ya miaka mingapi?

mwalimu_wa_kompyuta
Nimeongea na mwalimu mkuu leo. Tunaanza na Google Sites kwa akaunti ya shule: karo kwa maandishi, hakuna nyuso za watoto mpaka fomu za idhini zirudi. WordPress tutaiangalia nikipata mwalimu wa pili wa kuishika nami. Kazi za likizo zitakuwa viungo tu vya Google Drive. Ila nataka tubaki na anwani yetu ya .sc.ke, na yule kijana hapokei simu.

fundi_luthuli
Domeini imesajiliwa kwa jina la nani?

mwalimu_wa_kompyuta
La kwake.

fundi_luthuli
Basi Google Sites isubiri. Kesho andikeni barua yenye muhuri wa shule, mwalimu mkuu aitie sahihi, mwambatishe cheti cha usajili wa shule, umpelekee wakala aliyesajili domeini. Nenda mwenyewe, usitume baruapepe.