Naomba ushauri: wanafunzi wangu wanakariri insha badala ya kuitunga

Walimu wenzangu, hamjambo. Nafundisha Kiswahili Gredi ya 6 na insha zinaninyima usingizi. Nikitoa kichwa chochote, iwe safari au mazishi, wengi wanaanza: "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua lilichomoza, ndege wakatumbuiza..." Kisha methali tatu zisizohusiana na kisa. Siwalaumu. Ni sisi tuliozoea kukaririsha enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya, ambapo insha ilikuwa ya dakika 40, alama 40. Mtihani huo uliisha 2023, mazoea yamebaki.

Nimeanza kujaribu mbinu ya Karen Harris na Steve Graham, watafiti wa ufundishaji wa uandishi wa Marekani. Mwalimu anatunga ubaoni huku akisema kwa sauti anachowaza, halafu darasa linatunga pamoja naye, mwishowe mtoto anaachiwa peke yake. Kwa insha za hoja nikawatungia neno la kukumbuka, MTI: Msimamo, Toa sababu tatu, Imalizie. Hapo nimeona tofauti kubwa! Mtoto ambaye hakuwahi kuvuka mistari minne ameandika ukurasa mzima akieleza kwa nini baba yake asiuze ng'ombe wakati wa kiangazi.

Kinachonishinda ni kurekebisha. Wako 58. Nikisema waandike upya, wananakili yale yale kwa mwandiko safi. Wakibadilishana madaftari, wanatafuta makosa ya tahajia tu, maudhui hawayagusi.

Je, mnawafundishaje kuisoma upya kazi yao na kuibadilisha? Na kwa insha ya masimulizi, mnawaanzishaje ili waachane na ile Jumamosi?