Laptopu imekuwa bubu kwenye FreeBSD na pachi nayo inagoma, naombeni msaada

pweza_wa_ngamiani: Wakuu kwema? Niko Tanga hapa barabara ya 12, laptopu yangu ya mtumba niliiwekea FreeBSD 14 (mfumo endeshi wa bure, badala ya Windows) maana ilikuwa inajikokota, kila kitu safi kasoro sauti, spika kimya, hedifoni kimya, na ndo mashine niliyoahidi kurekodia kasida za watoto wa madrasa kabla ya maulidi. Jamaa akanirushia kwa WhatsApp pachi (faili la kurekebisha msimbo) ya hdaa_patches.c, faili la draiva wa sauti, nikakopi nikabandika kwenye faili nikapiga patch -p1, ikajibu Hunk #2 failed, yaani kipande cha pili kimekataa, ikaniachia faili la .rej lenye kilichokataliwa. Toka isha mpaka saa nane usiku nahangaika nayo, bando ndo hilo linakata. Niifute tu?

babu_wa_chumbageni: Si ungeweka Ubuntu tu mjukuu wangu.

fundi_mwambao: Babu shikamoo, leo tuache hiyo. Pweza usifute kitu, kabla hujagusa msimbo piga cat /dev/sndstat, inaorodhesha vifaa vya sauti, utubandikie hapa.

binti_sahare: Hiyo pachi imefia WhatsApp. Msimbo wa kerneli (kiini cha mfumo) mistari yake inajongezwa kwa Tab, ukikopi kwenye simu mara nyingi zinageuka spesi, kwa macho mstari ni uleule ila patch inaona vitu viwili tofauti. Mwambie akutumie faili lenyewe. Na uanze na patch -C -p1, hiyo inapima tu haiandiki. Halafu /usr/src, folda la msimbo wa mfumo, iwe ya toleo lilelile la kerneli unayotumia, la sivyo moduli (draiva utakayoijenga) itakutoa jasho bure.

pweza_wa_ngamiani: Dada umenikamata, kweli nilikopi kwa simu 😅 Fundi hii hapa:
pcm0: <Intel Kaby Lake (HDMI/DP 8ch)> (play) default
pcm1: <Realtek ALC256 (Analog)> (play/rec)

fundi_mwambao: Neno default umeliona limekaa wapi? Sauti yote inakwenda tundu la HDMI na hujachomeka kitu huko, draiva wa watu unamsingizia. Ukiwa root (msimamizi wa mfumo) piga sysctl hw.snd.default_unit=1, sauti ihamie pcm1, funga kivinjari ufungue tena. Ikikubali, hw.snd.default_unit=1 iandike ndani ya /etc/sysctl.conf isije ikasahau ukiwasha upya.

pweza_wa_ngamiani: IMELIAAA!! Mama kaamka ananigombeza huku. Ila nikichomeka hedifoni sauti bado inatokea spika.

binti_sahare: Hapo pia pachi ya nini? Piga sysctl dev.hdac.0.pindump=1 kisha dmesg (kumbukumbu za kerneli), tafuta mstari wenye Headphones usome namba yake ya nid, yaani namba ya tundu hilo, na uone uko chini ya hdaa namba ngapi. Kwenye /boot/device.hints ongeza hint.hdaa.0.nid33.config="as=1 seq=15", hiyo 33 na 0 ya hdaa badili weka zako, na as (namba ya kundi) iwe sawa na ya spika. Hiyo seq=15 ndo inamwambia draiva hii ni hedifoni, ikichomekwa spika inyamaze. Zima, washa.

pweza_wa_ngamiani: Yangu ilikuwa 33 vilevile, imekubali, Mungu awape. Swali la mwisho, maiki inavuma mmmm kama nyuki, nikichomoa chaji inaacha.

fundi_mwambao: Basi huo ni umeme wa chaji, hapo sysctl haifui dafu. Rekodi kwa betri.

pweza_wa_ngamiani: Betri inakaa dakika 40. Kasida ya kwanza ina beti 12, nawaambia watoto wasirudierudie kiitikio.