Naomba ushauri: mchango wa shirika umetushinda, na mtoto anajiandaa kwa komunyo ya kwanza

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Kadutu, nami nimelelewa katika shirika, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa, tangu utoto, kwa hiyo ninayoyaandika hapa si manung'uniko ya mtu aliyelichoka Kanisa. Tangu mabenki ya mji wetu yafunge milango mwanzoni mwa mwaka 2025, mume wangu, ambaye ni mwalimu, anapata mshahara kwa kuchelewa sana, na miezi mingine haupati kabisa. Tunachokula kinatoka katika sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ninazouza sokoni. Zaka ya mwaka na mchango wa kila mwezi wa shirika vimetushinda.

Kila mwisho wa mwezi, tukiisha kusoma Injili ya Dominika inayofuata na kushirikishana Neno, mweka hazina anafungua daftari na kusoma majina kwa sauti, jina moja moja pamoja na kiasi kilichotolewa. Akifika kwetu anasema "bado", anaweka kistari kwa kalamu nyekundu, kisha anaendelea. Hakuna anayenitukana, lakini nyumba nzima inanyamaza, na mtoto wangu mkubwa anakuwa ameketi karibu nami. Sasa tumeambiwa kwamba watoto ambao wazazi wao hawajakamilisha michango watangoja komunyo ya kwanza hadi mwaka ujao. Kijana wangu amehudhuria mafundisho yote na sala zote anazijua.

Mume wangu anaona afadhali tukae nyumbani hadi mambo yatengemae. Jirani ananishauri nikope, nilipe, niishi kwa amani. Nifanye nini mbele ya Mungu? Na je, ni haki mtoto azuiwe kwa ajili ya fedha?

Katekista mstaafu (Bagira)

Milele, amina. Mama, nianze na mtoto, kwa kuwa hapo jibu liko wazi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 843, inasema kwamba wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti waamini wanaoziomba kwa wakati ufaao, walio tayari ipasavyo na wasiokatazwa na sheria. Kanuni ya 848 inaongeza kwamba wahitaji wasikose kamwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Hata Misa, kanuni ya 945 inawahimiza mapadri waiadhimishe kwa nia za waamini, hasa wahitaji, ingawa hawakupokea sadaka yoyote. Kwa hiyo nenda kwa paroko mwenyewe, siku ya juma, mapema kabla orodha haijafungwa, ukiwa pamoja na mume wako na mtoto, mmweleze hali yenu kwa heshima na bila kuficha. Mara nyingi maneno kama hayo uliyoambiwa hayatoki kwa padri, bali yanaongezeka njiani kutoka kamati hadi kamati.

Kuhusu kukopa, ninakusihi usikope. Mtakatifu Paulo, katika barua ya pili kwa Wakorinto, sura ya 8, anafundisha kwamba toleo hupokelewa kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, wala si kwa kadiri ya asicho nacho. Soma pia kitabu cha Walawi, sura ya 12 na ya 5: asiyeweza kuleta mwanakondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na katika sadaka ya dhambi, asiyeweza hata ndege alete unga kidogo. Maria na Yosefu walipompeleka Mtoto Yesu hekaluni, Luka anaandika kwamba walitoa sadaka ya ndege, yaani ile ya maskini. Familia Takatifu ilisimama mbele ya kuhani na sadaka ya watu wasio na uwezo, na hakuna aliyewaambia warudi mwaka ujao.

Dada wa Goma

Mama, mimi ninasali kwa Waprotestanti, lakini kilio chako ninakifahamu, kwa sababu huku Goma nasi mabenki yalifungwa na watu wengi wameacha ibada kwa aibu ya fungu la kumi. Kwetu husomwa sana Malaki 3:10, pale Mungu anapoagiza zaka kamili iletwe ghalani. Ningependa wahubiri wasome na mstari wa 5 wa sura hiyohiyo, ambapo Bwana anawashitaki wanaomdhulumu kibarua ujira wake, na mjane, na yatima. Tena katika Kumbukumbu la Torati 14, zaka ya kila mwaka wa tatu iliwekwa mijini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Mwalimu asiyelipwa mshahara wake, kwa Maandiko hayo, yuko upande wa wale wanaopaswa kusaidiwa.

Baba wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ninakubaliana na waliotangulia juu ya mtoto, lakini naomba tusilihukumu daftari haraka. Parokia zetu haziendeshwi kwa fedha za serikali. Divai na hostia, mishumaa, chakula cha mapadri, bati la paa likitoboka, vyote vinatoka kwetu, na kanuni ya 222 inatukumbusha kwamba waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa. Ninajua mashirika ambayo watu wenye uwezo walijificha nyuma ya maskini hadi hazina ikakauka, na mgonjwa wa shirika akakosa hata nauli ya kwenda hospitali.

Kwa hiyo, mama, usikae bila kutoa chochote. Toa faranga chache ulizo nazo, au toa kazi: fagia kanisa Jumamosi, fua vitambaa vya altare, peleka sambaza kidogo kwa mzee anayeishi peke yake. Mwambie mwenyekiti wa shirika kwamba huo ndio mchango wenu kwa sasa, naye auandike.

Katekista mstaafu (Bagira)

Baba, wajibu upo, nami nimeufundisha maisha yangu yote. Katekisimu, inapoutaja kati ya amri za Kanisa, inasema kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo wa nyumba hii mwezi huu huenda haupo kabisa. Sitaki mama huyu aondoke hapa akidhani kwamba lazima awanyime watoto chakula cha jioni ili apate cha kuandikwa. Mjane wa Marko 12 alitoa vyote kwa hiari. Yesu hakumtuma mtu amdai. Na mistari michache kabla ya hapo aliwaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane.

Maaskofu wa Kongo walipoichagua mwaka 1961 njia ya jumuiya ndogo za Kikristo zilizo hai, walitaka waamini wajuane kwa majina, wasali pamoja na wabebeane mizigo. Shirika likisoma "bado" mwezi baada ya mwezi, wala asiende mtu kuuliza nyumba hiyo inakula nini, basi kazi yake yenyewe haijafanyika.

Mweka hazina (Ibanda)

Ninashika daftari katika shirika letu, kwa hiyo niseme tulivyofanya. Tuliacha kusoma majina. Kikapu hupita wakati wa wimbo, kila mtu anaingiza mkono, mwenye kitu na asiye na kitu, na mwishoni ninasoma jumla tu. Anayetaka kujua hesabu ya nyumba yake ananifuata faraghani. Wengine walipinga, wakidai michango itashuka, nasi tulijadiliana kwa muda mrefu. Ilishuka kidogo mwanzoni, lakini watu waliokuwa wamepotea walirudi, na hao ndio sasa wanaotembelea wagonjwa. Mama, mwombe mwenyekiti aliweke jambo hili mbele ya wanashirika. Usilisemee peke yako. Tafuta nyumba nyingine mbili au tatu zenye hali kama yenu, kwa hakika zipo.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Nawashukuru sana, baba zangu na ndugu zangu. Nimemsomea mume wangu majibu haya yote, na ile habari ya hua wawili ameniomba nimsomee tena. Amekubali twende kwa paroko juma hili pamoja na mtoto. Kukopa tumekuacha. Nitaanza kufagia kanisa Jumamosi, kwa kuwa ninapenda, na nimezungumza na mama mmoja wa shirika letu ambaye jina lake nalo huwekewa kistari. Yuko tayari tuende pamoja kwa mwenyekiti. Swali moja limebaki: paroko akikataa, tufanyeje?

Katekista mstaafu (Bagira)

Sidhani kwamba atakataa. Lakini akikataa, mwombeni kwa upole awape sababu, kisha mwende kwa dekano, yaani padri anayesimamia parokia kadhaa, na baada yake kwenye ofisi ya jimbo kuu. Kuuliza huko ni haki ya mwamini, wala si uasi. Wakati huo mtoto aendelee na mafundisho bila kukosa, na shirika msiliache.