Gripe imeingia nyumba yote, wa miezi 9 njo ananitia woga (Bukavu)

mama_tomati
Jambo wandugu, sana sana banamama. Niko Kadutu. Mutoto yangu wa miaka 4 alitoka na gripe ku masomo, siku mbili tu mudogo yake wa miezi 9 naye akashikwa, homa kali, kikohozi, pua imezibana hata kunyonya inakuwa vita, anavuta kidogo anaachia analia. Leo baba yao ameamka mwili yote inamuuma. Soko sijaenda tangu juma ianze na tomati haingojeaka mutu. Jirani anasema nimupe amoxi, ile antibiotike ilibakia ya mukubwa, mama mukwe anasema ni malaria tu, mwingine ati nikate aspirini nusu. Nifanye nini? Na kama chanjo ya gripe iko, mbona ku kupima batoto habatuambiaka?

muuguzi_bagira
Pole mama. Aspirini HAPANA, ku mutoto mwenye gripe inaweza kuharibu ini na ubongo. Amoxi haiue virusi, na gripe ni virusi, wache jirani aseme. Homa mupe paracetamol kufatana na kilo zake, si kukisia kijiko. Matone ya maji ya chumvi ya farmasi ndani ya pua mbele ya kunyonya, na umunyonyeshe kidogo kidogo mara mingi.
Sasa pumzi. Akiwa ametulia, mufunue kifua, weka telefone pembeni uhesabu dakika nzima. Kwa umri yake zikifika 50 unaenda hospitali, kwa mukubwa yake wa miaka 4 ni 40. Na hata kama hazifike, ukiona kifua inaingia ndani chini ya mbavu, ao anakataa ziwa kabisa, ao degedege, usingoje asubui.
Mama mukwe naye asizarauliwe, bamupime damu, juu malaria na gripe binakutanaka ku mutoto mumoja. Mwisho wa 2024 ku Panzi (ya jimbo ya Kwango, si Panzi yetu ya Ibanda) watu walisema ugonjwa haijulikane, kumbe malaria pamoja na virusi za pumzi, gripe ndani, na batoto wengi hawakuwa wanakula vizuri.

papa_wa_mapacha
Chanjo iko, inaanzaka ku miezi 6, mara ya kwanza dozi 2 na katikati juma 4. Ila haiko mu zile za bure za PEV, programu ya serikali ya chanjo, njo maana habakuambie. Angalia ku karte kama chanjo ya pneumokoke na ya pentavale zote alipata, hizo zinamukinga na numonia ya bakteria, ile inakujaka nyuma ya gripe.
Mimi kinanikasirisha watu kusema gripe ni kitu kidogo, kwetu ilikula mtaji yote ya bibi yangu, kwanza dawa, kisha serumu, kisha kukaa bila kuuza. Baba yao akipata nafuu yeye abaki na batoto wewe urudi soko, si kazi ya mama peke yake. Na makala muwashie inje, moshi na kifua ya mutoto habipatane.

mama_tomati
Asanteni. Nimehesabu 44 lakini alikuwa analia. Tunaenda kupima damu sasa hivi, baba yao anasema na yeye abebwe.

muuguzi_bagira
Ya kulia haihesabike mama, rudilia akisinzia. Baba atembee.