Kanuni ya uchovu kwenye ligi yetu inawamaliza wahusika wadogo, wakubwa haiwagusi

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumamosi iliyopita nimepoteza mechi ya Marvel: Crisis Protocol kwa kanuni ambayo haimo kwenye kitabu. Imebuniwa na mwenzetu anayesimamia ligi yetu ndogo ya nyumbani hapa Dar, na kila nikilalamika najibiwa "kanuni ni ya wote". Si ya wote, na nitaonyesha kwa hesabu.

Kwa wasioujua mchezo, huu ni wa vijisanamu vya mashujaa wa Marvel mezani, ulitolewa na Atomic Mass Games mwaka 2019. Meza ni futi 3 kwa 3, raundi hazizidi 6, na anayefikisha pointi 16 kashinda; pointi unazipata kwa kushikilia maeneo na kubeba vitu maalumu vilivyoko mezani. Kila mhusika ana namba ya stamina, ila jina hilo linapotosha watu, maana ile si pumzi, ni uhai. Mapigo yakifikia namba hiyo unazirai, unaangusha ulichobeba, na raundi ikiisha kadi yako inageuzwa upande wa majeruhi. Yakifika tena, umetoka mchezoni. Kinachofanya kazi ya pumzi ni Pawa: unapewa 1 mwanzo wa kila raundi, unaokota nyingine kwa mashambulio yasiyo na gharama, na unapata 1 kwa kila pigo unalopigwa na adui, kikomo 10. Kwa hiyo shujaa akipigwa ndipo anapopata nguvu ya kujibu. Mimi naupenda mchezo huu kwa sababu hiyo hasa.

Msimamizi wetu akaja na wazo kwamba haiingii akilini Hulk apigane raundi zote bila kuhema. Sawa. Hapo nilikuwa upande wake, na niliunga mkono kwa mikono miwili. Kisha akaleta karatasi yake: mhusika yeyote akishambulia mara mbili katika zamu moja anawekewa tokeni ya uchovu. Kila tokeni inampunguzia dadu moja ya kushambulia, na mwisho wa raundi inampiga pigo moja. Ili uitoe, lazima upitishe zamu nzima bila kushambulia.

Someni tena, halafu mniambie nani atakuwa anashambulia mara mbili katika zamu moja. Ni mdogo! Daredevil wangu, Luke Cage wangu, Iron Fist wangu, hawa ndio wanaopiga shambulio la bure mara mbili ili wapate Pawa ya kufanyia kitu cha maana. Hulk hana shida hiyo. Anapigwa na watu watatu, Pawa inamjaa, zamu yake ikifika anarusha gari (hilo halihesabiwi kuwa kitendo cha kushambulia), anasogea, anapiga shambulio moja zito la gharama kubwa, basi. Shambulio moja. Hana tokeni hata moja. Aliyebeba gari na kulitupa hajachoka, aliyerusha ngumi mbili ndiye anayehema. Huo uchovu wa wapi?

Sasa dadu. Dadu za mchezo huu zina nyuso 8, na 4 kati ya hizo zinahesabika unaposhambulia, kwa hiyo kila dadu ni karibu nusu ya pigo. Mwenye shambulio la dadu 4 ukimnyang'anya moja umemnyang'anya robo ya nguvu zake. Mwenye dadu 8 umempunguzia sehemu moja kati ya nane. Tokeni ni ileile, maumivu ni mara mbili. Na lile pigo la mwisho wa raundi: mwenye stamina 5 limekula asilimia 20 ya uhai wake, mwenye stamina 10 limekula asilimia 10. Linaloniuma zaidi ni kwamba pigo la uchovu halitoki kwa adui, kwa hiyo halikupi Pawa. Mchezo mzima umejengwa juu ya ahadi kwamba ukiumia unalipwa. Yeye kaleta maumivu yasiyo na malipo, kisha kayaelekeza kwa wenye stamina ndogo.

Mechi yenyewe iliishia hivi. Raundi ya tano, tuko 13 kwa 14, mwenzangu mbele. Daredevil kabeba kimojawapo cha vile vitu vya pointi, kabakiza stamina 1, adui zake wote wameshamaliza zamu zao, hakuna wa kumgusa tena. Pointi za raundi zinahesabiwa mwishoni, zingenifikisha 16 na mwenzangu angebaki 15. Msimamizi akasema tokeni za uchovu zisomwe kwanza. Daredevil akazirai kwa kurusha ngumi zake mbili, kitu kikaanguka chini, nikakosa pointi zake. Raundi ya sita mwenzangu akamalizia. Nilipouliza ni wapi kwenye ile karatasi pameandikwa kwamba uchovu unatangulia pointi, hapakuwa popote. Aliamua palepale, mbele yetu, mechi ikiwa katikati.

Kuna ndugu atasema mbona HeroClix, mchezo mwingine wa vijisanamu vya mashujaa, ina uchovu tangu 2002 na watu wanacheza. Ndiyo, na ninayo, nilinunua boksi la mitumba nikajifunzia michezo ya vijisanamu huko. Pale watengenezaji wake, WizKids, walifanya kitu cha akili sana. Kijisanamu kinakaa juu ya kitako chenye gurudumu la namba. Ukikipa kazi kinawekewa tokeni, ukikipa tena zamu inayofuata kinawekewa ya pili na gurudumu linazungushwa kliki moja (hatua moja ya uhai wake) kwa ajili ya kujisukuma. Ikifuata zamu nyingine kinapumzika, hakuna ujanja. Mtoto wa darasa la tano anaelewa ndani ya dakika mbili. Na gurudumu likizunguka namba zinabadilika, wakati mwingine zinapanda, kwa hiyo kuna watu wanajichosha makusudi ili wafike kwenye kliki tamu. Uchovu unakuwa uamuzi wa mchezaji. Unajiuliza nimsukume au nimwache, unakuna kichwa, na ukikosea umejikosea mwenyewe.

Lakini hata huko ugonjwa ni uleule. Kliki moja kwa mwenye kliki 5 si sawa na kliki moja kwa mwenye 10. Na wakubwa wengi wamepewa ile alama ya Indomitable, kwamba wakijisukuma hawaumii. Wapenzi wa mchezo watasema imo ndani ya bei ya pointi zao. Inawezekana. Ila ukikaa mezani na kikosi cha watu wadogo sita, unaona wewe ndiye unayehesabu kliki kila dakika na mwenzako anasogeza jitu lake bila wasiwasi.

Waliolipata jambo hili ni Champions, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika (RPG) wa mwaka 1981, ambao wengi waliuchezea na vijisanamu kwenye ramani ya vyumba vya pembe sita. Kule nguvu kubwa inakula pumzi kubwa, nguvu ndogo inakula pumzi ndogo. Unaweza kununua nguvu isiyokuchosha kabisa, lakini unailipia pointi unapomtengeneza mhusika, na kila mtu mezani anaiona bei. Pumzi ikikuishia na bado unataka kupigana, unachoma fahamu zako mwenyewe. Kasoro yake ni uandishi, penseli haitoki mkononi, na kwa mechi ya jioni moja hiyo ni mzigo. Lakini haki yake haina doa: anayetumia ndiye anayechoka.

Na hicho ndicho ninachodai, wala hakihitaji tokeni mpya. Mhusika akitumia Pawa 5 au zaidi ndani ya zamu moja, raundi inayofuata asipewe ile Pawa 1 ya bure. Crisis Protocol tayari ina hali ya sumu inayofanya karibu jambo hilohilo, kwa hiyo kila mtu anajua kulisoma. Hakuna dadu zinazopungua, hakuna pigo, hakuna mtu anayezirai akiwa peke yake kwenye kona ya meza. Hulk akirusha gari na kuangusha shambulio lake zito, raundi inayokuja atakuwa na deni. Daredevil akipiga ngumi zake mbili za bure hadaiwi kitu, maana hajatumia kitu. Nimeijaribu nyumbani na mdogo wangu mara nne. Yeye alichukua wakubwa mara zote nne, akashinda mbili, na zote nne nilimuona anasita kabla ya kutumia Pawa. Kusita kule ndiko tulikokuwa tunakutafuta tangu mwanzo.

Nilimtumia msimamizi hesabu hizi Jumapili asubuhi, akanijibu kwamba nalalamika kwa sababu nimefungwa. Nimefungwa mara nyingi kwenye ligi hii na sijawahi kufungua uzi. Safari hii nimeangushwa na karatasi, tena mstari ambao haukuwa umeandikwa.

Wakuu mnaocheza, kwenu uchovu mnauhesabu kwa idadi ya mashambulio au kwa Pawa iliyotumika? Na kama kuna aliyejaribu kikomo cha Pawa 4 badala ya 5 anipe majibu kabla ya Jumamosi. Nataka nifike na karatasi yangu ikiwa imekamilika, tuipigie kura mbele ya wote wanane, kabla kijisanamu chochote hakijawekwa mezani. Ile ya zamani ikibaki, mechi yangu apewe mwingine.