Chokoleti ya kukaanga getini mwa shule: ipigwe marufuku?

Mama Wawili, Uyole
Wakuu, habari za baridi ya Mbeya. Mwanangu wa darasa la tatu kaja na hadithi kwamba getini kwao kuna dada anakaanga chokoleti. Nikajua ananipiga kamba. Leo nimepita mwenyewe, nimeona. Anaichoma kijiti, anaichovya kwenye rojo la unga wa ngano, anaitumbukiza kwenye mafuta, ikishapata rangi anailaza kwenye gazeti ijichuje. Buku moja. Ukiing'ata inakuchuruzikia mpaka kidevuni. Nauliza: haya ya sukari na mafuta yapigwe marufuku getini, au tumwache dada wa watu atafute riziki? Eti ukimuuliza katoa wapi, anasema ni chakula cha Wazungu!

Mpita Njia
Hajadanganya. Ni Uskoti, mji mdogo wa Stonehaven karibu na Aberdeen. Duka la samaki na chipsi lilichukua chokoleti iitwayo Mars likaichovya kwenye rojo la samaki. 1995 kama sikosei.

Kijana wa Forest
Unakosea. Wenyewe wanasema 1992, hiyo 1995 ndiyo gazeti la Aberdeen lilipoiandika. Duka wakati huo likiitwa Haven, siku hizi Carron. 2012 kampuni ya Mars ikawaambia wabandike tangazo kwamba yenyewe haihusiki. 2015 halmashauri ikawataka washushe bango la kujisifia kuwa ndiko ilikozaliwa. Na kuna watafiti wa Glasgow 2004 walipigia simu maduka zaidi ya 300 huko Uskoti, asilimia 22 yalikuwa yanaiuza, na wanunuzi wakubwa ni watoto. Mama Wawili, hiyo ya watoto ndiyo ya kukuumiza kichwa.

Mtoto wa Pwani
Nacheka. Watu wa Mbeya leo mnajadili kukaanga? Kalimati, vitumbua, maandazi, vyote mmeletewa na sisi kwenye lori. Hata hamira kwenu haiumuki, baridi imezidi.

Binti Uporoto
Haiumuki?! Kaka, mama yangu kanisomesha kwa maandazi ya Mwanjelwa. Mwezi wa sita anakanda usiku, beseni analifunika khanga mbili, analiweka pembeni ya jiko lililofukiwa majivu. Kuna siku mkaa uliisha akalilaza kitandani katikati yetu, tukaambiwa atakayelipiga teke hana shule kesho. Mawese ya Kyela asubuhi yameganda kwenye dumu, unayachota kwa kijiko. Halafu saa kumi na mbili andazi lina tumbo tupu ndani kama puto. Wewe uliyezaliwa kwenye joto unga unaumuka wenyewe ukiwa umelala, unajisifia nini?

Mtoto wa Pwani
Dada usipaniki. Nimesema tumewaletea, sijasema hamjui. Andazi limetoka kwenye kuandaa. Kiswahili hicho, na Kiswahili ni cha Pwani.

Mzee wa Chunya
Kijana, punguza mbwembwe. Kalimati nayo si yenu. Ni *luqmat al-qadi*, tonge la kadhi, na imo kwenye kitabu cha mapishi cha Baghdad cha mwaka 1226. Mlipokea kama sisi tulivyopokea. Baba yangu jalebi ya kwanza aliila Chunya kwa Mhindi, enzi za dhahabu ya Lupa, wakati huo Mbeya mjini penyewe ndiyo kwanza panajengwa. Alituhadithia mpaka anakufa: alidhani ni bomba lina asali ndani, akawa anatafuta pa kunyonyea.

Mtoto wa Pwani
Shikamoo mzee. Sawa, kalimati nawaachia Baghdad. Kitumbua je?

Dereva Tunduma
Hapo kwenye kitumbua ngoja niegeshe gari. Vuka Nakonde hapo, upande wa Zambia, agiza vitumbua. Unaletewa madonge ya ngano yaliyokaangwa, hayana mchele, hayana nazi, hayana iliki. Mara ya kwanza nilimrudishia yule mama nikamwambia sikuagiza maandazi. Akaniambia hivi ndivyo vitumbuwa, kama hutaki lipa uende. Nikalipa nikala. Ukienda Kasumulu ukavuka Malawi ndiyo wanaita mandasi. Sasa nani kamwibia nani?

Binti Uporoto
Hicho si kitumbua. Kitumbua ni mchele, unaulowesha, unausaga, na kina chuma chake chenye mashimo.

Dereva Tunduma
Mwambie mama wa Nakonde.

Kijana wa Forest
Kwanza kitumbua hakikaangwi kwa kuzamishwa. Mafuta ni ya kupaka tu kwenye shimo. Kwa hiyo hakimo kwenye mada.

Mtoto wa Pwani
Hakikaangwi?? Wewe unakula vitumbua vya wapi? Mama anamimina kijiko kizima kila shimo, kinageuzwa na kijiti huku kinaogelea.

Kijana wa Forest
Kuogelea si kuzama. Kiswahili ni cha Pwani lakini hilo limekupita.

Mhehe Asilia
Kamweneee. Mnabishana maneno, ngano mnayochovyea inalimwa nyanda zetu hizi, Makete mpaka huku Iringa. Mtoto wa Pwani, kuanzia leo kaanga kwa unga wa nazi.

Binti Uporoto
Halafu huyu "Mtoto wa Pwani" si ndiye wiki iliyopita alikuwa anauliza bei ya mbegu za viazi Isyonje? Pwani ipi yenye viazi mviringo na jaketi mwezi wa sita?

Mtoto wa Pwani
Nimehamia kikazi. Damu ni ya Tanga.

Binti Uporoto
Umehamia, unakula maandazi yetu kila asubuhi, halafu eti hamira haiumuki. Ndaga fijo, asante sana.

Mzee wa Chunya
Nyie wote mmekulia kwenye sukari ya dukani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini kilo ya sukari ni foleni tangu alfajiri, na ukifika dirishani imeisha. Mke wangu alikuwa anapata sukari guru, anaitwanga, anaikandia. Andazi linatoka jeusi kama kisigino. Tulikula na tuliomba lingine. Leo mtoto wa darasa la tatu anakaangiwa chokoleti na mama yake anauliza kama ni sawa!

Mama Wawili, Uyole
Shikamoo mzee, sasa mbona ugomvi unahamia kwangu? Nimeuliza ipigwe marufuku au la, sijasema namnunulia.

Dereva Tunduma
Marufuku haifai. Ukimtoa getini atahamia kona ya pili, na watoto watavuka barabara ya malori kumfuata. Mimi ndiye naendesha hayo malori.

Kijana wa Forest
Hakuna aliyejibu ile ya Glasgow.

Mhehe Asilia
Glasgow ni wapi tena? Tupo kwenye ngano.

Mtoto wa Pwani
Mimi nataka tumalize kwanza kuzama na kuogelea.

Mama Wawili, Uyole
Endeleeni tu. Leo asubuhi kijana kaomba buku, nimempa mia tano nikamwambia chokoleti haitoshi, chukua kitumbua.

Dereva Tunduma
Cha mchele au cha Nakonde?